Hesabu pumzi kabla ya kuuliza ni mdudu gani: mwongozo wa nimonia kali kwa mtoto mdogo

"Daktari, hii ni ya bakteria au ya virusi?"

Swali hilo siku hizi naulizwa karibu kila wiki, na wanaoniuliza si watu wa vyuo tu. Mama anayeanika dagaa Igombe ananiuliza huku kampakata mwanawe, kwa kuwa amesoma kwenye simu kwamba antibiotiki haziui virusi na hataki mtoto anyweshwe dawa za bure. Ni swali la maana. Mimi ni tabibu wa zahanati tu, wala si bingwa wa watoto, na jibu langu huwaudhi wengi: sijui, na hata hospitali ya rufaa yenye maabara kubwa mara nyingi haitajua. Kwa mtoto wa miezi minane anayehema, jina la mdudu linasubiri. La kwanza ni anapumua mara ngapi kwa dakika moja.

Nimewaandikia mzazi, bibi, dada wa kazi na yeyote anayebaki na mtoto wa chini ya miaka mitano huku kwetu Mwanza, kandokando ya Ziwa Victoria, awe Kirumba, Kayenze, Magu au kisiwani Ukara. Unachohitaji ni simu yenye saa na mwanga wa kutosha.

Hatua ya 1: Mfunue, kisha hesabu dakika nzima

Mtoto akiwa analia, acha kwanza. Kilio kinapandisha pumzi na hesabu yako itakuwa ya uongo. Mbembeleze, mnyonyeshe kidogo, subiri atulie. Akisinzia ndiyo nafuu yako.

Sasa mvue. Huku kwetu mtoto akikohoa hufungwa kama kifurushi cha kupakiwa basi la Dar: fulana, sweta, kofia ya sufi, kitenge, na juu yake kitenge kingine. Yote hayo yapande juu mpaka kitovu kionekane na mbavu zote zionekane. Hatapata nimonia kwa kufunuliwa dakika mbili.

Weka simu kwenye dakika moja. Macho yako yatulie pale tumbo linapokutana na mbavu za chini. Likipanda na kushuka, hiyo ni pumzi moja. Usiguse, usiongee na mtu, hesabu kimoyomoyo, na kila ukifika kumi kunja kidole kimoja ili usipotee. Ukipotea anza upya. Wapo wanaohesabu nusu dakika wakazidisha mara mbili. Usifanye hivyo, hasa kwa kichanga. Kichanga hupumua haraka haraka mara tano au sita, akapumzika kidogo, kisha akaendelea. Nusu dakika ikiangukia kwenye mbio utaogopa bure, ikiangukia kwenye mapumziko utalala usingizi usiostahili.

Linganisha namba yako na hizi, ambazo ndizo tunazotumia zahanati na ndizo za Shirika la Afya Duniani:

- Chini ya miezi 2: pumzi 60 au zaidi ni haraka.
- Kuanzia miezi 2 hadi kabla ya kutimiza mwaka: 50 au zaidi.
- Kuanzia mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza miaka 5: 40 au zaidi.

Kwa hiyo mtoto wa miezi kumi mwenye 54 anapumua haraka hata kama anacheka na kuchezea funguo zako. Dada yake wa miaka mitatu mwenye 34, anayekohoa mpaka anatapika na kuwaamsha majirani, hapumui haraka. Kikohozi chenye kelele ndicho kinachotutisha, lakini mara nyingi mwenye nimonia ni yule aliyenyamaza.

Kwa mtoto wa chini ya miezi 2, ukipata 60 au zaidi hesabu mara ya pili. Ikirudi tena 60 au zaidi, usihesabu ya tatu, ondoka.

Homa nayo hupandisha pumzi, ni kweli. Lakini usiifanye sababu ya kukaa nyumbani ("ni joto tu hilo"). Andika namba na saa uliyohesabu kwenye kipande cha karatasi au kwenye simu. Karatasi hiyo ina kazi huko mbele.

Hatua ya 2: Tazama mbavu, pua na ulimi

Bado amefunuliwa. Angalia anapovuta hewa ndani: mtoto mzima, kifua na tumbo hupanda pamoja. Mwenye nimonia iliyokolea, tumbo hupanda lakini sehemu ya chini ya kifua, pale mbavu zinapoishia, hubonyea kwenda ndani kana kwamba kuna mtu anaivuta kwa uzi kutoka mgongoni. Wazee huita kubanwa mbavu, wengine husema kichomi. Ukiona mbonyeo huo kwenye kila pumzi, naye ametulia, umeona alichokuwa anakitafuta daktari.

Tazama na pua, usikilize na sauti. Matundu yakitanuka kila anapovuta hewa, anahangaika. Akigumia kila anapotoa pumzi, kama mtu anayenyanyua gunia, anahangaika zaidi. Rangi ya bluu au kijivu usiitafute kwenye mashavu, ngozi zetu hazisemi mapema. Fungua mdomo, tazama ulimi na ufizi.

Hatua ya 3: Dalili ambazo hazisubiri asubuhi

Mtoto mwenye kikohozi au anayepumua kwa shida akiwa na hata moja kati ya hizi, hiyo ni nimonia kali au kitu kibaya mfano wake, na mahali pake ni kituo chenye oksijeni:

- hanyonyi wala hawezi kunywa chochote;
- anatapika kila kitu, hata maji;
- amepata degedege;
- amelegea, haamki vizuri, au hajali hata ukimtekenya;
- anatoa mkoromo mkali anapovuta hewa ilhali ametulia;
- ulimi umebadilika rangi.

Ongeza hapo mtoto yeyote wa chini ya miezi 2 mwenye kupumua haraka, kubonyea kifua, homa, au mwili wa baridi usiopata joto. Kichanga hana nimonia ndogo. Na mtoto mwenye utapiamlo mkali mtazame kwa jicho lile lile, maana mwili wake unaweza kukosa nguvu hata za kupandisha homa.

Sasa suala la usafiri, ambalo vitabu vya mjini hulipita kwa sentensi moja. Ukiwa Igoma au Buhongwa utapata bajaji usiku. Ukiwa kisiwani, ziwa huamua. Kwa hiyo usingoje meli ya kesho kwenda Mwanza wakati kuna kituo kisiwani kwako: wa Ukara akimbilie Bwisya, wa Ukerewe akimbilie hospitali ya wilaya pale Nansio. Waanze huko, wapewe dozi ya kwanza na oksijeni, ndipo wafikirie kuvuka. Kama ni kichanga, piga 115, namba ya bure ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura wa wajawazito, waliojifungua na watoto wachanga. Njiani endelea kumnyonyesha akiweza, mpakate akiwa ameinuka kidogo, na uso usifunikwe.

Hatua ya 4: Ukifika, toa namba kabla ya hadithi

Hapa niseme kosa langu mwenyewe.

Nilikuwa mgeni kazini, jioni, foleni ndefu. Bibi mmoja kutoka mwaloni, kule mitumbwi ya samaki inakofikia, aliingia na mjukuu wa miezi saba mgongoni, homa kali, siku ya pili. "Shikamoo bibi." "Marahaba mjukuu wangu, huyu hajalala." Nikamtoboa mtoto kidole, kipimo cha malaria kikaleta mistari miwili. Huku Kanda ya Ziwa malaria haiko mbali na mtu yeyote, nami niliona nimeshapata jibu. Nikaandika dawa ya mseto na parasetamoli, nikaita anayefuata. Sikumfunua. Kitenge hakikushuka mgongoni zaidi ya dakika ile ya kutoboa kidole.

Alfajiri walirudi. Pua zinatanuka, mbavu zinabonyea, kifaa cha kidoleni cha kupima oksijeni kinasoma 84. Chini ya 90 mtoto anahitaji oksijeni. Tukamwekea, tukamchoma sindano, gari likaja likampeleka hospitali ya rufaa, akapona. Bibi aliporudi kuchukua kadi yake aliniambia bila hasira, "Nilijua haikuwa malaria peke yake. Ila wewe ndiye daktari."

Malaria na nimonia hukaa katika mtoto mmoja bila kugombana. Zote mbili huleta homa na kuhema. Zaidi ya hapo, kipimo cha haraka cha malaria kinaweza kuendelea kusoma chanya kwa wiki kadhaa baada ya mtoto kutibiwa akapona, hivyo mistari miwili haikuambii kifua kiko salama. Ndiyo sababu nataka karatasi yako. Ukifika mapokezi, kabla ya kueleza safari ilivyokuwa, sema: "Ana miezi saba, nimehesabu pumzi 62 saa kumi na moja, mbavu zinaingia ndani, hanyonyi tangu mchana." Sentensi hiyo inaruka foleni. Na kama mtoa huduma ameandika dawa bila kumfunua mtoto, una haki ya kusema, "Naomba umhesabie pumzi." Mimi ningeshukuru kuambiwa.

Kitakachofuata, ili usishangae: mtoto atapimwa uzito kwa sababu dozi hufuata kilo, atabanwa kifaa kidoleni au kwenye kidole cha mguu kusoma oksijeni, atapimwa malaria. Mwenye kupumua haraka au mbonyeo wa kifua bila dalili za hatari mara nyingi hurudi nyumbani na amoksilini. Mwenye dalili za hatari hulazwa, huwekewa oksijeni kwa vibomba vidogo puani, huchomwa sindano, kwa kawaida ampisilini pamoja na gentamisini. Kuhusu vile vibomba: wapo akina mama huvitoa usiku kwa kuamini kwamba "akiwekewa oksijeni ndiyo anaondoka". Mtoto anayeondoka ni yule aliyewekewa amechelewa. Viache puani.

Mtoto akipiga mluzi kifuani anapotoa hewa, huenda akapewa kwanza dawa ya kufungua njia ya hewa kwa kuvuta, kisha ahesabiwe tena. Wengine pumzi hushuka pale pale.

Hatua ya 5: Sasa tuwajue wadudu

Sikukataa kuwataja, nilitaka tu usianze nao.

Mwaka 2019 jarida la Lancet lilichapisha matokeo ya utafiti uitwao PERCH. Watafiti walichukua watoto 4,232 wa mwezi 1 hadi miezi 59 waliolazwa kwa nimonia iliyohesabiwa kali, katika nchi saba za Afrika na Asia. Majirani zetu Kenya (kule Kilifi) na Zambia walikuwemo. Wakawalinganisha na watoto 5,119 wa maeneo hayo hayo wasio na nimonia. Kwa wasio na VVU ambao picha ya eksirei ilithibitisha ugonjwa, virusi vilibeba karibu asilimia 61, bakteria asilimia 27, na kifua kikuu karibu 6. Kirusi kimoja tu, RSV, kilichukua karibu asilimia 31, yaani karibu mtoto mmoja kati ya watatu.

Kwa nini walihitaji watoto wazima wa kulinganisha? Kwa sababu puani mwa mtoto ni kama mwaloni alfajiri, kila mtu yupo. Ukipitisha pamba kwenye pua ya mtoto mzima anayecheza mpira wa makaratasi utamkuta Streptococcus pneumoniae amejikalia, na virusi vya mafua ya kawaida pia. Kumkuta mtu mwaloni si ushahidi kwamba ndiye aliyeiba nyavu. RSV ndiyo tofauti: watoto wazima ni nadra kukutwa nayo, kwa hiyo ikionekana kwa mgonjwa inashukiwa kwa haki. Mapafu yenyewe hatuwezi kuyachota hovyo, mtoto wa mwaka mmoja hajui kutema makohozi, na kipimo cha kuotesha damu humnasa mdudu kwa wachache tu kati ya wenye nimonia ya bakteria. Ndiyo maana nilisema sijui.

Wa upande wa bakteria, mkubwa wao ni huyo Streptococcus pneumoniae, ambaye tunamwita nimokokasi kwa kifupi. Alitambuliwa mwaka 1881 na watu wawili, Pasteur Ufaransa na Sternberg Marekani, kila mmoja kivyake. Anafuata Haemophilus influenzae aina ya b, Hib. Jina lake ni kumbukumbu ya kosa: mwaka 1892 Mjerumani Pfeiffer alimkuta kwa wagonjwa wa mafua makali akaamini ndiye anayeyaleta. Mafua yale ni ya kirusi, lakini jina likabaki. Tena ni funzo lile lile la mwaloni. Staphylococcus aureus hupenda kuja nyuma ya surua au mafua makali na huweza kujaza usaha kando ya pafu. Kwa vichanga na watoto wenye utapiamlo tunawaogopa pia Klebsiella na E. koli, ndiyo maana ile gentamisini huongezwa kwenye sindano.

Upande wa virusi, RSV iligunduliwa mwaka 1956 kwa sokwe waliokuwa na mafua katika maabara Marekani. Baadaye kidogo ikaonekana kwa watoto. Mtu mzima ikimpata anapiga chafya siku tatu na kuendelea na biashara. Mtoto wa miezi mitatu ikimpata, vijia vyembamba vya hewa vinavimba na kujaa makamasi, na kwa kuwa njia yake tangu mwanzo ni nyembamba kama mrija, hakuna nafasi iliyobaki. Wapo pia virusi vya mafua makali (influenza), parainfluenza, metapneumo (huyu alijulikana 2001 tu, Uholanzi), adeno, na surua, ambayo mara nyingi huua kwa kupitia kifua.

Kisha wapo wanaoshirikiana. Ndani ya njia ya hewa kuna vinyweleo vinavyofagia uchafu kwenda juu usiku na mchana. Kirusi huviharibu. Nimokokasi aliyekuwa amekaa puani bila madhara anateremka hadi kwenye mapafu bila wa kumfagia. Mtoto ana kirusi na bakteria kwa pamoja, na hakuna dalili ya kwa macho itakayomtenganisha huyu na yule. Basi mtoto mwenye nimonia tunampa antibiotiki, tukijua wengine hawakuihitaji, kwa sababu anayeihitaji akiikosa anaweza kufa siku hiyo hiyo. Mwenye mafua na kikohozi asiyepumua haraka wala kubonyea kifua, hatumpi. Mstari uko hapo, na ni ile namba uliyoihesabu inayouchora.

Mtoto aliyezaliwa na mama mwenye VVU ana adui wa ziada, Pneumocystis, ambaye si bakteria wala kirusi bali ni kuvu. Humpata hasa katika miezi ya mwanzo. Kotrimoksazoli anayoanzishwa kliniki tangu wiki ya 6 ni kwa ajili yake. Usiikatishe kwa sababu mtoto anaonekana mnene.

Hatua ya 6: Dawa nyumbani

Amoksilini ya vidonge vinavyoyeyuka ni rahisi: kidonge kwenye kijiko kisafi, maji kidogo yaliyochemshwa yakapoa au maziwa ya mama, kinayeyuka, mtoto anameza. Asubuhi na jioni, kwa siku ulizoandikiwa, mara nyingi tano. Siku ya pili atachangamka na wewe utashawishika kuweka akiba kwa ajili ya mdogo wake. Hakuna akiba. Akitapika ndani ya nusu saa, rudia dozi.

Ukipewa ya unga wa chupa, tazama mstari kwenye chupa. Tikisa kwanza unga ulegee, mimina maji yaliyochemshwa yakapoa hadi nusu, tikisa, kisha jazia hadi mstarini povu likishatulia. Nimeona chupa iliyojazwa hadi shingoni "ili idumu": dawa imekuwa togwa jepesi, na mtoto alipewa kijiko kile kile. Tikisa kila unapompa. Pima kwa kifuniko au bomba lililokuja nayo, maana vijiko vyetu vya chai havilingani.

Duka la dawa muhimu mtaani lina kazi yake, lakini lisikuuzie vidonge vinne vya "kuanzia". Na usinunue dawa ya kikohozi kwa mtoto mdogo. Hazitibu nimonia, na zenye kodeini zinaweza kumzuia kupumua. Asali hapana kabla ya mwaka mmoja.

Kukata kimeo, hapana kabisa. Najua bibi yako alikatwa na yu hai. Kile kinyama hakileti kikohozi. Kinachofuata kisu ni damu, usaha, na mtoto asiyeweza kumeza maziwa katika wiki ambayo maziwa ndiyo yangemwokoa. Kuchanja kifua na kupaka majivu ni vivyo hivyo.

Hatua ya 7: Kabla hajaugua tena

Fungua kadi ya kliniki. Chanjo ya Hib imo ndani ya ile ya mchanganyiko wa magonjwa matano tunayoitumia Tanzania tangu 2009. Chanjo ya nimokokasi, PCV, ilianza kutolewa nchini kati ya mwisho wa 2012 na mwanzo wa 2013. Zote huchomwa wiki ya 6, ya 10 na ya 14. Ile ya matano ndiyo inayokinga kifaduro pia. Surua na rubela ni mwezi wa 9 na wa 18, na hii ya 18 ndiyo inayosahaulika, kwa kuwa mtoto anakimbia na mama amerudi sokoni. Ikiwa kisanduku kiko wazi, nenda, hata kama tarehe imepita.

Chanjo hizi haziziba kila tundu. RSV haimo. Kinga ya RSV kwa kichanga ni watu wazima wenye mafua wakae mbali naye, na wanaokuja kumpongeza mzazi wanawe mikono kabla ya kumpokea mtoto, bila kumbusu usoni. Wageni wetu watanuna kidogo. Maziwa ya mama pekee hadi miezi sita ni kinga nyingine, na haiuzwi.

Upepo wa ziwa hauleti nimonia. Nalisema hili nikijua nitapingwa kuanzia Mwaloni hadi Kamanga. Wadudu huleta, na tunawapata zaidi tunapojibana chumba kimoja madirisha yamefungwa usiku wa mvua. Kinachonitia hofu kuliko upepo ni moshi. Mama anayekausha sangara kwa moshi na mtoto mgongoni anampa mtoto ule moshi kwa urefu ule ule wa pua yake, saa nne au tano kwa siku. Moshi huharibu vile vinyweleo vinavyofagia kama kirusi kinavyofanya. Nimewahi kushauri wahamie gesi nikachekwa, kwa haki, maana samaki wa moshi hawapikwi kwa gesi. Ushauri wangu wa sasa ni mdogo: mtoto asiwe mgongoni wakati wa tanuri. Wawili watatu wapeane zamu, mmoja abaki na watoto upande upepo unakotoka. Jikoni nako, kuni zikiwa mbichi, mtoto akae nje.

Hatua ya 8: Mrudishe

Mtoto aliyepewa dawa za nyumbani arudi baada ya siku mbili hadi tatu, hata kama anaruka. Arudi mara moja, saa yoyote, akishindwa kunyonya, akizidi kuhema, au dalili yoyote ya hatua ya 3 ikitokea. Dawa isipomshusha pumzi katika siku hizo, tunafikiria upya: dozi ndogo, bakteria sugu, usaha, VVU, au ni kirusi kinachomaliza mwendo wake.

Kikohozi chenyewe kinaweza kubaki baada ya pumzi kurudi sawa. Kikivuka wiki mbili, hasa kama nyumbani kuna mtu mzima anayekohoa au mtoto haongezeki uzito, omba apimwe kifua kikuu. Kwa kuwa hawezi kutema, choo chake kinaweza kupelekwa kwenye mashine ya kupima TB badala ya makohozi.

Siku ya kumrudisha, kabla hujatoka nyumbani, mfunue tena na uhesabu dakika nzima. Iandike namba hiyo chini ya ile ya kwanza, uje na karatasi.